Umebadilisha ekzosi, gari limeanza vituko: pa kutafuta kabla ya kukata masega

Watu wengi huniletea gari kwa kazi ya ekzosi kwa sababu mbili tu: bomba limeoza, au mwenyewe anataka sauti. Anaondoka gari likiunguruma vizuri. Wiki ya pili anapiga simu: mafuta yanakwisha haraka, taa ya cheki injini imewaka, mlimani halivuti, ndani kunanuka. Akipita gereji nyingine njiani, jibu analopewa huwa moja: "Bosi, hayo masega yameziba, tuyatoe."

Masega ni lile kopo la kusafisha moshi lililo kwenye njia ya ekzosi (catalytic converter). Kuna siku jibu hilo ni sahihi. Siku nyingi masega hayana kosa lolote, na yakishakatwa tatizo la mwanzo linabaki palepale, limeongezewa jipya juu yake.

Ushauri wa kukata masega haukuzuka hewani. Japani ilibana sana sheria zake za moshi mwaka 1978, na magari ya petroli yaliyotoka huko baada ya hapo yalikuja na masega tumboni. Petroli yetu wakati huo ilikuwa na madini ya risasi, na risasi ikipita kwenye masega inayafunika yale madini yanayofanya kazi hadi yanakuwa kama jiwe la kawaida. Kwa hiyo fundi wa miaka ya 1990 aliyekuwa akiyatoa alikuwa na hoja. Mwaka 2001 nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana na petroli hiyo, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Risasi ikaenda zake, ushauri ukabaki. Siku hizi una hoja nyingine ambayo haisemwi kwa sauti: ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa chakavu wanajua bei yake kuliko mwenye gari. Fundi anayekwambia atakutengenezea ekzosi nzima bure ukimwachia masega, huyo ameshajilipa.

Ninayoandika hapa yanahusu zaidi magari ya petroli ya miaka ya 1990 hadi katikati ya 2000, yale tunayoshinda nayo: Corolla, Carina, Premio, RAV4, Sunny, Forester. Dizeli nitaigusa kidogo mwishoni.

Jua kwanza kilicho chini ya gari

Anza kwenye injini ukirudi nyuma. Kuna manifoldi, ambayo ndiyo inayopokea moshi wa kila silinda. Karibu nayo kuna sensa ya oksijeni ya kwanza, kidude chenye umbo la plagi na nyaya zinazotoka mgongoni. Kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, inaitumia sensa hii kuamua imwage petroli kiasi gani, ikilenga uwiano wa hewa gramu 14.7 kwa petroli gramu 1. Kisha yanakuja masega yenyewe: kopo la chuma lenye jiwe la kauri lililotobolewa vijitundu vingi kama sega la nyuki, ndiyo maana ya jina. Baada yake, kwenye magari yaliyoanza kuwa na mfumo mpya wa kujipima, kuna sensa ya pili ambayo kazi yake ni kuyachunguza masega tu. Halafu bomba la kati, na sailensa nyuma.

Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yana kidude kingine ambacho watu hukikata bila kujua ni nini: waya mwembamba unaotoka kwenye kopo la masega na kupita kwenye sakafu hadi ndani. Ni kipimo cha joto. Masega yakipata moto kupita kiasi, kinawasha taa kwenye dashibodi yenye maandishi ya Kijapani ambayo hapa kwetu karibu hakuna anayeyasoma. Nimekuta zaidi ya dereva mmoja aliyeifunika taa hiyo kwa kipande cha selotepu nyeusi. Taa hiyo ikiwaka, zima gari. Chini ya sakafu pana moto wa kutosha kuchoma nyasi kavu ulizoegesha juu yake, na zulia la ndani pia.

Sasa twende kwenye malalamiko, kwa maneno yaleyale wanayokuja nayo wateja.

"Linakula mafuta tangu tubadilishe ekzosi"

Hili ndilo linaloleta watu wengi, na ndilo linalowalisha hasara kubwa, kwa sababu kila fundi ana kifaa chake cha kukuuzia.

Mzee mmoja mstaafu aliniletea Corolla 110 iliyokuwa imeshanunuliwa plagi mpya, pampu ya mafuta na sensa ya oksijeni. Bado ilikuwa ikitoa moshi mweusi na kunywa kama lori. Nilimwambia ailaze pale gereji, tuiwashe asubuhi ikiwa ya baridi. Ilipowaka tu ikasikika sauti ndogo, tsk-tsk-tsk, kama saa ya ukutani, upande wa manifoldi. Dakika tano baadaye chuma kikapata moto, kikatanuka, sauti ikapotea. Tulipofungua tulikuta studi moja imekatika, na gasketi ya manifoldi iliyorudishwa ni ileile ya zamani, na pembeni yake mstari mweusi wa masizi kama umechorwa kwa kalamu. Studi mpya na gasketi mpya, kazi ikaisha. Sensa aliyoinunua haikuwa na sababu ya kununuliwa.

Kilichotokea ni hiki. Watu hudhani bomba likitoboka moshi hutoka tu. Moshi wa injini unatoka kwa mapigo. Baada ya kila pigo kuna mvuto mfupi, na kwenye mvuto huo hewa ya nje inaingia kupitia ufa uleule. Sensa iliyo mbele kidogo inaonja oksijeni ambayo haikutoka kwenye silinda. Inaripoti kwamba petroli ni pungufu. Kontroo boksi, ambayo haina macho, inaongeza. Inaendelea kuongeza hadi plagi zinakuwa nyeusi.

Kuutafuta ufa, injini iwe ya baridi. Mtu mmoja abane mdomo wa ekzosi kwa tambara nene lililolowa, sekunde chache tu, wewe sikiliza kuanzia kwenye manifoldi hadi kwenye sensa. Kama kelele za mtaa zinakushinda, zima injini, puliza hewa kwenye mdomo wa ekzosi kwa bloa, kisha paka maji ya sabuni kwenye viungio vyote. Penye povu ndipo penyewe. Usipake sabuni kwenye chuma cha moto, utapata mvuke wa usoni na hutaona kitu.

Ukiwa na mashine ya kupimia, angalia asilimia ya marekebisho ya mafuta (fuel trim). Ikiwa juu sana injini inapounguruma bila kukanyagwa, halafu ikashuka ukipandisha mizunguko, kuna hewa inayoingia mahali. Lakini hewa inaweza kuingia kwenye ekzosi au kwenye mpira wa upande wa injini kuvuta hewa, na namba kwenye mashine zinafanana. Zitenganishe kwa plagi. Hewa ikiingia upande wa kuvuta, petroli inayoongezwa inakutana nayo ndani ya silinda na plagi zinabaki na rangi nzuri. Ikiingia kwenye ekzosi, petroli inaongezwa bure, plagi zinapakwa masizi.

Kama ufa haupo, ndipo uitazame sensa. Ifungue uiangalie ncha. Masizi meusi makavu maana yake mafuta yamezidi, sensa yenyewe inaweza kuwa nzima. Unga mweupe laini ni silikoni, na hapa mshitakiwa mara nyingi ni fundi wa ekzosi aliyepaka gundi ya gasketi ya kawaida kwenye kiungio kilicho kabla ya sensa. Mvuke wa gundi hiyo unaziba vinyweleo vya ncha na hakuna kusafisha kunakoirudisha. Gundi ya kutumia ni ile iliyoandikwa kwenye paketi kwamba haiharibu sensa, na kwenye ekzosi mimi situmii gundi kabisa. Gasketi inatosha ukinunua mpya.

Sensa ya nyaya nne kwenye Toyota nyingi ina nyaya mbili nyeusi. Hizo ni za kijiko cha joto kilicho ndani yake. Pima upinzani kati yake kwa multimita sensa ikiwa ya baridi: kwa magari haya mara nyingi unapata kati ya ohm 11 na 16. Ukikuta haisomi kitu, kijiko kimekatika, na sensa itachelewa sana kuamka asubuhi. Wa bluu ndio unaobeba habari. Sensa ya aina ya kawaida ikishapata moto, volti kwenye waya huo zinapaswa kurukaruka kati ya 0.1 na 0.9 mfululizo. Zikigota chini, inaona hewa nyingi. Zikigota juu, inaona petroli nyingi. Zikikaa katikati bila kusogea, imelala au imekufa. Baadhi ya injini za miaka ya 2000 zina sensa ya kwanza ya aina nyingine isiyopimwa hivi. Hiyo isome kwa mashine.

Halafu kuna kosa la kuihamisha. Anayeweka manifoldi ya mabomba marefu ya kununua hukuta haina tundu la sensa pale pa zamani, akachomelea tundu jipya nusu mita nyuma. Sensa inahitaji joto la nyuzi 300 hivi ili ifanye kazi. Ukiisukuma mbali, kwenye foleni inapoa, kontroo boksi inaacha kuisikiliza na kumwaga mafuta kwa makadirio. Kama lazima uihamishe, ikae karibu na pale mabomba yote yanapokutana, upande wa juu wa bomba, ikiinuka walau nyuzi 10 kutoka usawa wa ardhi. Ikilala au ikitazama chini, maji ya asubuhi yanajikusanya kwenye ncha na kuipasua ikipata moto.

"Halivuti, likipata moto linazima"

Hapa masega yanaweza kuwa na kesi kweli. Gari linawaka vizuri, linaondoka vizuri, kisha ukikanyaga mafuta linagoma kana kwamba mtu ameliweka breki. Baya zaidi linazima likishapata moto, na linawaka tena likipoa.

Anza kwa mkono. Gari likiwa limepoa, ligonge kopo la masega kwa nyundo ya mpira. Likitoa sauti ya kokoto ndani ya debe, jiwe la kauri limevunjika, na vipande vyake vinaweza kusafiri hadi kwenye sailensa na kuziba huko. Hili la sailensa husahaulika sana: watu wamekata masega na gari likabaki halivuti, kumbe kipande kimekaa mlangoni mwa sailensa.

Likiwa kimya, pima. Fungua sensa ya kwanza, kwenye tundu lake funga geji ya presha yenye adapta ya nyuzi za M18. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, presha isizidi psi 1.5 hivi. Ipandishe hadi mizunguko 2,500 na uishikilie. Isipite psi 3. Ikipita hapo na kuendelea kupanda, mbele kumeziba.

Asiye na geji hiyo atumie ya vakyumu, iliyofungwa kwenye mpira wa upande wa kuvuta. Pwani, injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Nairobi, juu ya mita 1,600, sindano husoma chini ya hapo kwa inchi tano hivi, na hilo si ugonjwa. Nimeona injini nzuri ikifunguliwa kwa sababu fundi alijifunzia kazi Mombasa. Shikilia mizunguko 2,500. Sindano ikikaa imara, njia iko wazi. Ikishuka polepole huku mguu wako haujasogea, moshi hauna pa kupita.

Basi yameziba. Usiagize mengine bado, kwa sababu masega hayazibi yenyewe. Kuna kitu kimeyaua, na kitayaua mapya vilevile. Muuaji wa kwanza ni misi. Silinda isiyochoma inasukuma petroli mbichi kwenye ekzosi, inawakia ndani ya masega, na kauri inayohimili zaidi ya nyuzi 1,400 inayeyuka kama mshumaa. Safari moja ndefu na koili mbovu inatosha. Anayekwambia "tembea nayo hivyohivyo, ni silinda moja tu" anakutia hasara. Wa pili ni oili: injini inayomaliza lita kati ya sevisi moja na nyingine inaipeleka kwenye masega, yanafunikwa. Wa tatu ni maji ya rejeta yanayopenya kupitia gasketi ya silinda hedi.

Wa nne ni wa kwetu hasa. Masega yakiwa yanafanya kazi yana joto la nyuzi mia kadhaa. Mvua za masika zinaponyesha Dar na barabara ikawa mto, dereva anaingiza gari la moto kwenye maji yanayofika sakafuni. Kauri inapasuka papo hapo. Miezi miwili baadaye anakuja na kelele za kokoto, akiapa kwamba gari halijawahi kuguswa.

"Taa ya cheki injini haizimi"

Soma namba ya hitilafu kwanza, kisha uzungumze. Kwenye Toyota za zamani za Japani zisizokubali mashine ya kisasa, kuna kiboksi kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 ndani ya kifuniko. Unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, weka swichi on bila kuwasha injini, uhesabu mimweko ya taa. Miwili, kituo, mmoja: hiyo ni 21, sensa ya oksijeni.

Kwa mashine, P0135 na P0141 zinahusu vijiko vya joto vya sensa ya kwanza na ya pili. Baada ya kazi ya ekzosi hizi mara nyingi ni waya ulioungua kwa kugusa bomba, au plagi ya waya iliyosahauliwa kurudishwa. Angalia hapo kabla ya kufungua pochi.

P0420 ndiyo inayotafsiriwa vibaya. Haisemi masega yameziba. Inasema sensa ya pili imeanza kucheza kama ya kwanza, yaani moshi unatoka nyuma ya masega karibu ulivyoingia. Masega mazima hutunza oksijeni na kuitoa taratibu, kwa hiyo sensa ya nyuma hutulia kwenye volti 0.6 au 0.7. Ikicheza, kuna mambo kadhaa: masega yamechoka, au yametobolewa ndani na kopo likarudishwa tupu, au kuna ufa kati ya sensa mbili, au injini inamisi. Ufa uangaliwe kwanza maana ni wa bei ya gasketi. Kuna wanaouza kidude cha kuiinua sensa ya pili itoke kwenye mkondo wa moshi ili taa izime. Taa inazima, ndiyo. Moshi hauna habari na kidude hicho, wala mashine ya kupima moshi ukienda ukaguzi; Kenya, kwa mfano, moshi umo kwenye kiwango cha ukaguzi wa magari, KS 1515. Na siku masega yatakapokuwa yanaungua kweli, utakuwa umeshamziba mdomo shahidi pekee.

"Linanuka"

Uliza linanuka nini. Mayai viza, ni salfa ya kwenye mafuta inayobadilishwa na masega injini ikiwa na petroli nyingi. Rudi kwenye ile sehemu ya kula mafuta. Likinuka petroli mbichi likiwa limezimwa, tazama mipira ya kanista ya mkaa, ile inayonasa mvuke wa tangi. Hukaa karibu na njia ya fundi wa ekzosi na hung'olewa kwa bahati mbaya.

Likinuka moshi ndani ya kabini, usiendelee na safari. Kaboni monoksidi, ile sumu ya kwenye moshi, haina harufu yake yenyewe, inasindikizwa tu na harufu za wengine, na gari lisilo na masega hutoa nyingi zaidi. Kichwa kikiuma kwenye foleni kikaacha ukishuka, hiyo ni dalili tosha. Sababu za kawaida ni bomba la nyuma lililokatwa fupi likaishia chini ya buti, mpira wa buti uliokufa, au kiungio kinachovuja chini ya dereva. Kwenye wagoni, kufungua kioo cha nyuma huvuta moshi ndani badala ya kuutoa. Mdomo wa ekzosi lazima utokeze nje ya bampa. Senti chache za bomba zisiwe sababu ya kulaza watoto kwenye siti ya nyuma na wasiamke vizuri.

"Linalia"

Mlio wa bati jembamba kwenye mizunguko fulani tu ni ngao ya joto iliyolegea. Klempu moja inamaliza kazi, usiing'oe ukaitupa. Mgongano unapopita matuta ni mipira ya kuning'inizia. Kama ekzosi inapasuka palepale kila baada ya miezi michache, tazama kile kiungio chenye bolti za springi: fundi wengi wakipoteza springi huweka bolti ya kawaida na kukaza hadi mwisho. Injini inatikisika, bomba halina pa kucheza, chuma kinachoka.

"Linagonga likipanda mlima" na "linapiga risasi ukiachia mafuta"

La kwanza, kama lilianza baada ya kuweka manifoldi mpya, linatokana na bomba la EGR lililozibwa kwa sababu manifoldi haina tundu lake. Vali ya EGR hurudisha moshi kidogo ndani ya silinda ili moto usiwe mkali mno. Ukiiziba, joto linapanda na injini inagonga ikibebeshwa mzigo. Kwenye magari yenye uwezo wa kujipima utapata P0401. Dawa ni kuchomelea tundu. Ikiwa badala yake gari linatetemeka na kutaka kuzima linaposimama, vali imegota wazi kwa masizi, itoe uisafishe.

La pili ni hewa inayokutana na petroli isiyoungua ndani ya bomba la moto. Tafuta ufa. Kwenye magari ya kabureta, tafuta pia ule mfumo wa kuvuta hewa safi kuingia kwenye manifoldi, ambao mafundi huuacha na mpira mmoja unaning'inia.

Kuhusu dizeli: kwenye Surf na Prado za injini ya 1KZ na 1KD shida kubwa ni EGR na masizi kwenye njia ya kuvuta, isafishe, usiipige bati. Ukiwa na dizeli mpya zaidi yenye chujio la masizi, kama CX-5, usitumie mwongozo huu. Chujio hilo lina mashine na utaratibu wake.

Ukishaamua kushika spana

Anayetaka sauti aguse kilicho nyuma ya masega. Sauti inatengenezwa na sailensa na bomba la kati, na hapo unaweza kubadili utakavyo bila kuisumbua kontroo boksi. Bomba pana nalo lina mpaka: injini ya cc 1,500 ukiivisha bomba la inchi 2.5 inapata mngurumo tu, na chini, pale unapoondokea kwenye taa, inakuwa nzito.

Masega yakiwa yamekufa na muuaji amepatikana, tafuta ya injini yenye cc sawa, uyafunge palepale yalipokuwa ya kwanza. Yanaanza kazi kwenye nyuzi 250 hadi 300. Ukiyasogeza nyuma yanachelewa kupata moto. Yaliyotumika kutoka Japani yanaweza kuwa mazuri kuliko mapya ya bei ya chee. Chungulia kwa tochi: vijitundu viwe wazi, bila kona iliyoyeyuka, na ukitikisa pasisikike kitu.

Kabla ya kuchomelea, toa sensa zote na ukate betri, mshipi wa ethi uufunge kwenye bomba lenyewe karibu na unapochoma, usiufunge kwenye bodi. Gari likae kwenye stendi, jeki peke yake haitoshi. Ukikata kopo la zamani, vaa barakoa, kwani vumbi la kauri na lile blanketi linaloizunguka si vitu vya kuvuta. Sensa irudi na grisi yake maalumu kwenye nyuzi, ncha isiguswe.

Asubuhi inayofuata liwashe likiwa la baridi, urudie lile tambara lililolowa kabla chuma hakijatanuka. Futa namba kwenye mashine, kisha endesha kwa siku kadhaa, foleni na barabara ndefu, maana kontroo boksi inahitaji safari za aina zote mbili kumaliza vipimo vyake. Taa isiporudi, mpelekee fundi salio lake.